Wasomaji Wanauliza: Mining and Pastoral, mkoa mkubwa wa uchaguzi uliodumu miaka 36 tu

Toleo lililopita tuliweka habari fupi sana kwamba jimbo la Australia Magharibi limefuta mikoa yote sita ya uchaguzi wa bunge lake la juu, na kwamba mkubwa kuliko yote, ulioitwa Mining and Pastoral, umefutwa pamoja na wenzake Mei 2025. Basi barua zimemiminika, wengine wanauliza, wengine wamekasirika, na mmoja anataka ajue kama ile habari ya kura 98 ni ya kweli. Tumechagua chache tuzijibu hapa.

Swali: Shikamoo mhariri. Mi ni mwanafunzi, nasomea sayansi ya siasa, nimesoma habari yenu ila sikuelewa vizuri, huo mkoa ulikuwa ni nini hasa, ni serikali ya mkoa au ni kitu cha kura tu, na kwa nini uliundwa alafu ukafutwa haraka hivyo?

*Mwanafunzi wa chuo*

Jibu: Marahaba kijana wangu. Ulikuwa kitu cha kura tu. Haukuwa na gavana wala ofisi ya serikali wala bajeti yake, ilikuwa ni mistari kwenye ramani inayosema watu wa upande huu watachagua wajumbe wao pamoja.

Tuanzie juu kidogo. Australia ni shirikisho lenye majimbo sita, kila jimbo lina bunge lake, na matano kati yake yana bunge la chini na bunge la juu (Queensland walilifuta la juu mwaka 1922 na hawajalirudisha mpaka leo). Australia Magharibi ndo jimbo kubwa kuliko yote, linachukua kama theluthi moja ya nchi nzima, kilomita za mraba milioni 2.5 hivi, lakini watu wake karibu wanane kati ya kumi wanaishi Perth na viunga vyake. Shika hapo, maana ugomvi wote wa miaka mia na zaidi unatokea hapo hapo: ardhi iko huku, watu wako kule.

Bunge la juu, yaani Baraza la Kutunga Sheria, lilianza kuchaguliwa kwa kura mwaka 1894, na wakati huo maeneo yake ya uchaguzi yaliitwa provinsi. Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu, ilikuwa ya wenye mali na wenye nyumba, na hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1960, hebu fikiria. Provinsi zilibadilishwa idadi na mipaka mara kadhaa lakini sistimu yenyewe ilikaa karibu miaka 95.

Mwaka 1987 serikali ya jimbo ya chama cha Labor chini ya Brian Burke ikapitisha sheria ya kuzifuta provinsi na kuweka mikoa sita mikubwa, kila mmoja na wajumbe kadhaa wanaochaguliwa kwa uwiano wa kura. Mitatu ilikuwa ya mjini: North Metropolitan, East Metropolitan na South Metropolitan. Mitatu ya nje ya mji: South West, Agricultural, na huyu wetu Mining and Pastoral, yaani mkoa wa migodi na wafugaji. Ulianza kazi rasmi Mei 1989. Ulichukua Kimberley kule kaskazini kabisa, Pilbara kwenye chuma, Kalgoorlie kwenye dhahabu, na jangwa lote la katikati. Broome, Kununurra, Port Hedland, Karratha, Carnarvon, zote humo. Zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, kama Ufaransa nne hivi ukizipanga pamoja. Mtu akitoka Kununurra kwa gari kwenda kumwona mjumbe wake akiwa kikaoni Perth ni safari ya zaidi ya kilomita 3,000.

Sasa hapo kwenye mgao wa viti ndo penyewe. Mwaka 1989 baraza lilikuwa na viti 34, mjini wakapewa 17 na nje ya mji wakapewa 17, nusu kwa nusu, wakati mjini kulikuwa na karibu robo tatu ya wapiga kura. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mkoa huu ulibeba uzito usio wa kawaida, na kadiri mji wa Perth ulivyokua uzito huo ulizidi, mpaka kufikia mwaka 2021 Mining and Pastoral ilikuwa na wapiga kura kama elfu 70 tu na inachagua wajumbe sita, na mkoa mmoja wa mjini wenye wapiga kura zaidi ya laki nne nao unachagua sita hao hao. Piga hesabu mwenyewe. Kura moja ya Port Hedland ilikuwa na nguvu ya kura zaidi ya sita za Perth.

Kuhusu uharaka, ndiyo, kwa mambo ya mabunge miaka 36 ni kidogo. Chaguzi tisa tu, wa kwanza 1989 na wa mwisho 2021.

Swali: Mhariri, kuna jamaa hapa kazini anadai kwenye mkoa huo mtu aliingia bungeni kwa kura 98. Sio elfu 98, ni tisini na nane. Mi nikamwambia acha uongo. Tafadhali tumalizieni huu ubishi.

*Msomaji, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake*

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako yuko sahihi. Machi 13, 2021, Wilson Tucker wa chama kinachoitwa Daylight Saving Party, chama chenye ajenda ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, alipata kiti cha Mining and Pastoral na kura za kwanza za chama chake zilikuwa 98 katika mkoa mzima. Ni kama asilimia 0.2. Na uchungu zaidi ni kwamba wananchi wa Australia Magharibi wameulizwa kwenye kura ya maoni kuhusu hilo jambo la saa mara nne, 1975, 1984, 1992 na 2009, na mara zote nne wamekataa.

Iliwezekanaje? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaeleza vibaya, wanasema ni kwa vile mkoa ulikuwa na watu wachache. Sio hivyo, au tuseme sio hivyo tu.

Ili ushinde kiti kwenye mkoa wa viti sita, unahitaji kura zote zigawanywe kwa saba alafu uongeze moja, ndo kiwango cha kuingilia. Kwa mkoa ule mwaka ule ilikuwa karibu kura elfu 7. Mtu hafikishi hapo kwa kura zake za kwanza peke yake, anaongezewa kura zinazohama kutoka kwa wengine: aliyevuka kiwango ziada yake inahama, na aliye mkiani anaondolewa kura zake zinaenda kwa anayefuata kwenye mpangilio. Hii ni sistimu nzuri kabisa na mi naipenda, kama mpiga kura mwenyewe ndo anayepanga nani awe wa pili na nani wa tatu.

Shida ni kwamba hakuwa anapanga yeye. Karatasi ya kura ilikuwa na mstari, juu ya mstari kuna viboksi vya vyama, chini kuna majina ya wagombea wote. Ukitaka kupanga mwenyewe ulitakiwa ujaze namba kwa kila jina la chini bila kuruka hata moja, kazi ambayo nani anaiweza akiwa amesimama kwenye kibanda cha kura na foleni nyuma yake. Kwa hiyo walio wengi sana wanaweka 1 juu ya mstari na kuondoka. Ukishaweka hiyo 1, kura yako inafuata orodha ambayo chama chako kimeipeleka tume ya uchaguzi kabla, orodha nzima kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mpiga kura wa kawaida hajawahi kuiona kwa macho yake. Sasa vyama vidogo vikakaa chini vikakubaliana: wewe niweke juu kwenye yako na mimi nakuweka juu kwenye yangu. Hata kama mmoja anataka bangi ihalalishwe na mwingine anatetea wenye bunduki, haijalishi, cha msingi ni kura zisitoke nje ya familia. Mmoja wao kwa bahati ya mpangilio anabaki mpaka raundi za mwisho, wengine wote wakianguka kura zao zinamwangukia yeye. Mwaka 2021 aliyebaki akawa Tucker.

Nasema wazi, simlaumu yeye. Alifuata sheria iliyokuwepo, akaapishwa, akakaa muhula wake wote. Nawalaumu walioiona hiyo sheria kwa miaka na wakaiacha, maana dalili zilikuwa tele. New South Wales waliachana na orodha za namna hiyo baada ya uchaguzi wao wa 1999, ambapo karatasi ya kura ilikuwa kubwa mpaka watu wakaiita kitambaa cha meza, na Seneti ya taifa iliziacha 2016. Australia Magharibi wakangoja mpaka aibu ikafika mlangoni.

Na katika uchaguzi ule ule chama cha Nationals, ambacho kinatetea watu wa mashambani na kilikuwa na kura nyingi kuliko hizo 98 kwa mbali sana, kilitoka mikono mitupu kwenye mkoa huo. Kwangu hilo linauma kuliko yote.

Swali: Nimefanya kazi ya migodi. Nashangaa mnaposema mkoa una wapiga kura elfu 70, wakati kule Pilbara watu wanaofanya kazi ni wengi mno, ndege zinajaa kila siku. Hao hesabu yao iko wapi?

*Fundi mitambo mstaafu*

Jibu: Mzee wangu, iko Perth. Wengi wa wale wanaojaza ndege wanaishi Perth au South West, wanaruka kwenda mgodini, wanapiga kazi wiki mbili au zaidi, wanarudi kwa familia zao. Kura imesajiliwa nyumbani. Kwa hiyo chuma kinachimbwa Pilbara, kinapakiwa melini Port Hedland, mrabaha unaingia hazina ya jimbo, lakini anayekichimba ni mpiga kura wa mji. Watu wa Karratha na Port Hedland wamelalamikia hili muda mrefu kwamba miji yao inabeba mzigo wa kodi za nyumba na vumbi la bandari, na kwenye hesabu ya watu inaonekana midogo.

Swali: Vipi wenyeji wa asili, waaborijino? Kimberley si kwao? Mkoa huo uliwafaa chochote?

*Mama wa watoto watatu, msomaji wa miaka mingi*

Jibu: Asante sana mama, swali hili ni zito. Waaborijino wa Australia Magharibi waliruhusiwa kujiandikisha kupiga kura za jimbo mwaka 1962 tu. Kabla ya hapo watu ambao ardhi ni yao kwa makumi ya maelfu ya miaka hawakuwa na kura, wakati mwenye ranchi alikuwa nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba uzito mkubwa wa kura za mbali siku zote ulikuwa wa kulinda wanyonge, muulize wanyonge wepi.

Mkoa ulipokuja 1989 hali ilikuwa tofauti kidogo, maana sasa Waaborijino walikuwa sehemu kubwa ya wapiga kura wake, hasa Kimberley. Lakini kuwa kwenye ramani ni jambo moja na kufika kwenye kibanda ni jingine. Australia kupiga kura ni lazima kisheria, na bado mkoa huu ulikuwa na mahudhurio hafifu, jamii ziko mbali mno, timu za tume zinapita siku moja au masaa machache na kuondoka, na walioandikishwa ni pungufu. Ilibidi tusubiri mpaka 2021, uchaguzi wa mwisho wa mkoa, ndo mwanamke wa kwanza wa Kiaborijino akaingia bunge la juu la jimbo hilo: Rosie Sahanna wa Labor, kutoka Kimberley. Alichaguliwa na mkoa ambao muda si mrefu ulipigiwa kura ya kufutwa.

Swali: Kwa heshima mhariri, habari yenu ya toleo lililopita ilisomeka kama vile kufuta mikoa ni ushindi wa demokrasia. Mnajua Perth haijui chochote kuhusu Halls Creek, mji mdogo wa kule Kimberley? Mngeishi kule daktari yuko mbali na barabara inakatika mvua ikinyesha mngeandika tofauti. Wamewanyang'anya watu sauti kwa sababu tu walikuwa na wingi wa kura bungeni, na kabla ya uchaguzi walisema hawana mpango huo.

*Msomaji aliyewahi kuishi Kimberley*

Jibu: Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nakubaliana nawe kwenye mambo mawili, la tatu hapana.

La kwanza ni namna ilivyofanyika. Ni kweli kabla ya uchaguzi wa Machi 2021 waziri mkuu wa jimbo, Mark McGowan, aliulizwa kuhusu kubadili sheria ya uchaguzi wa bunge la juu akasema haipo kwenye ajenda, na akaulizwa tena na tena. Labor wakashinda viti 53 kati ya 59 bunge la chini, na 22 kati ya 36 bunge la juu, mara ya kwanza katika historia yao kuwa na wingi kule juu. Wiki chache baadaye kamati ya wataalamu ikaundwa chini ya Malcolm McCusker, gavana wa zamani wa jimbo, na kabla mwaka haujaisha sheria ikapita: mikoa yote sita nje, jimbo zima linakuwa eneo moja la uchaguzi lenye wajumbe 37, na zile orodha za vyama nazo nje. Chama cha Nationals kilipiga kelele sana na kilikuwa na haki ya kupiga kelele, maana jambo kubwa namna hii linatakiwa liwekwe mezani wananchi walione kabla hawajapiga kura.

La pili ni kwamba kuna kitu kimepotea kweli. Mjumbe wa Mining and Pastoral alikuwa analazimika kwenda. Norman Moore wa Liberal alikaa pale mpaka 2013, na kabla ya mkoa kuundwa alikuwa mjumbe wa provinsi ya Lower North tangu 1977, Robin Chapple wa Greens na Stephen Dawson wa Labor nao waliuwakilisha kwa miaka, na hao hata kama huwapendi siasa zao walikuwa wanajulikana kwa sura kwenye miji ile. Sasa hivi kisheria hakuna mjumbe hata mmoja wa bunge la juu ambaye ni wa kwenu, wote 37 ni wa wote. Na bunge la chini halijasaidia, maana mipaka ya 2023 ililifuta eneo bunge la North West Central, likaunganishwa na maeneo ya kusini yake kuwa Mid-West.

Ila la tatu siwezi kukubali, kwamba uwiano wa sita kwa moja ulikuwa haki. Halls Creek kukosa daktari ni jambo la kupigania kwa nguvu zote, lakini kumpa jirani yako kura sita hakujajenga hospitali. Miaka 36 uzito huo ulikuwepo, na barabara ulizozitaja bado zinakatika.

Kama ningeulizwa, ningesema walikata mkono na kidonda kwa pamoja. Kidonda kilikuwa orodha za vyama na huo uwiano uliopitiliza. Mkoa wenyewe, wazo la kwamba watu wa kaskazini wana wajumbe wao wa pamoja kwenye bunge la juu, ungeweza kubaki ukiwa na viti vinavyolingana na watu wake. Victoria wana mikoa minane yenye wajumbe watano kila mmoja tangu 2006 na wapiga kura wa mikoa hiyo wanakaribiana kwa idadi. Njia ilikuwepo, ingawa nakiri kwa Mining and Pastoral ingemaanisha kuunganishwa na Agricultural na bado kupata viti vichache.

Swali: Kwani mahakama zilikuwa wapi miaka yote hiyo? Kura sita kwa moja, hakuna aliyeshtaki?

*Wakili kijana*

Jibu: Walishtaki, tena mapema. Jim McGinty, wakati huo kiongozi wa upinzani wa Labor, alienda Mahakama Kuu ya Australia akidai katiba inataka kura zilingane. Mwaka 1996 akashindwa, wengi wa majaji walisema katiba hailazimishi hivyo kwa mabunge ya majimbo. Alivyokuja kuwa mwanasheria mkuu wa serikali mwaka 2001 akapitisha miswada ya kurekebisha, lakini bunge la juu ilipata wingi wa kawaida tu, yaani wa waliopiga kura, wakati sheria ya zamani ya 1947 ilitaka zaidi ya nusu ya wajumbe wote, na Mahakama Kuu ikakubali mwaka 2003 kwamba haiwezi kwenda kusainiwa na gavana. Mwaka 2005 hatimaye wakafanikiwa kwa bunge la chini, kura zikalinganishwa, ila kwa bunge la juu makubaliano na Greens yakaacha mikoa ilivyo, tena kila mmoja ukapewa viti sita sawa, jumla 36. Kwa hiyo Mining and Pastoral iliyokuwa na viti vitano ikaongezewa cha sita, kwenye mageuzi ambayo jina lake lilikuwa kura moja thamani moja. Kiti hicho cha sita ndo kilichoshusha kiwango cha kuingilia kutoka moja ya sita ya kura mpaka moja ya saba.

Swali: Sasa hivi wanapigaje? Fupi tu.

*Msomaji, Perth*

Jibu: Unaweka 1 juu ya mstari, ukitaka unaendelea na 2 na 3 mwenyewe, hakuna chama kinachokupangia. Kiwango cha kuingilia ni kura zote kugawanya kwa 38, yaani asilimia 2.6 hivi ya jimbo zima. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa Machi 8, 2025: Labor 16, Liberal 10, Greens 4, One Nation 2, Nationals 2, na kiti kimoja kimoja kwa Legalise Cannabis, Australian Christians na Animal Justice. Wajumbe wa mwisho wa Mining and Pastoral walimaliza muda wao Mei 21 mwaka huo huo.